Vitambaa vya majina kwenye magwanda ya zamani ya Marekani: nitajuaje ni vya miaka gani, na ni vya kweli?

Mtoto wa Chumbageni (Columbus, Ohio)

Wadau, heshima kwenu. Mimi nakusanya vitambaa vya majina, vile vya upana wa inchi moja hivi vinavyoshonwa juu ya mifuko ya kifua ya gwanda: kulia kwa mvaaji jina lake la ukoo, kushoto jina la jeshi. Kuna wanaokusanya medali na kuna wanaokusanya visu. Mimi vitambaa vinanitosha, havili nafasi na mama watoto hanuni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye nyumba moja ambayo mzee mwenyewe amefariki, watoto wanauza kila kitu kuanzia vijiko hadi mashine ya kukatia majani. Gereji kulikuwa na boksi la nguo za jeshi, nikalibeba lote. Ndani yake kuna shati la kijani la pamba nzito. Jina liko kwenye kitambaa cheupe kwa herufi nyeusi, na upande wa pili kuna U.S. ARMY ya uzi wa njano kwenye kitambaa cheusi. Jina linaanza na P, lote sitaliandika maana huenda ana wajukuu wanaosoma mitandaoni. Ndani ya kola kuna chapa ya wino: herufi P na tarakimu nne.

Halafu kuna koti jepesi la msituni, mifuko ya kifua imekaa mshazari. Jina lake ni jingine kabisa, linaanza na K, herufi nyeusi kwenye kijani, zimetariziwa ovyoovyo, E moja nene kuliko mwenzake. Kinachonitia shaka ni kwamba koti limepauka lakini kitambaa kinang'aa kama cha jana.

Chini ya boksi kuna mfuko wa nailoni umejaa vitambaa vilivyokwisha fumuliwa: vya bluu vyenye U.S. AIR FORCE kwa herufi nyeupe, vya mabaka ya kijani na kahawia, na vichache vya kijivujivu vyenye velkro.

Naomba msaada. Vya miaka gani hivi? Hilo koti ni la kweli au nimebambikwa? Huyu P anaweza kupatikana? Nifumue vya kwenye shati nivipange kwenye albamu pamoja na vingine? Na la mwisho, Desemba nakuja Tanga likizo, mdogo wangu ameliona koti kwenye picha na analitaka.

---

Belo la Karume (Dar es Salaam)

Mkuu, hayo ya uzi na herufi watakuja wajuzi. Mimi nakujibu la Tanga tu: USITHUBUTU.

Ninauza makoti ya mtumba. Belo la makoti ya Marekani likifunguliwa halikosi jaketi la jeshi moja au mawili, na mara nyingine jina la mtu bado liko kifuani. Hayo hayapandi kwenye henga. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba, raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Sasa mdogo wako atamweleza nani pale barabara ya ishirini kwamba "afande, hili ni la Wamarekani, la vita vya Vietnam"? Watamsikiliza akiwa amekaa chini.

Mletee jezi ya Coastal.

---

Mama Cherehani (Killeen, Texas)

Mwanangu wa Chumbageni, nimesoma mpaka pale uliposema ufumue, nikaweka chai chini. Usifumue!

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kuze, lakini huu mwaka sijui wa ngapi nashona kwenye duka lililo nje ya geti la Fort Hood. Kazi yetu kutwa ni hiyo unayoikusanya wewe: majina, vyeo, bendera. Wazee waliostaafu nao hutuletea makoti yao tuwawekee kifungo au tuwabadilishie zipu, kwa hivyo ya zamani pia yamepita mkononi mwangu mengi. Kitambaa kilichofumuliwa kinakuambia jina, basi. Kikiwa bado kwenye shati, shati lenyewe linakitolea ushahidi au linakiumbua. Ndiyo maana vile vya kwenye mfuko wa nailoni ni vya bei ya peremende, na hilo shati ndilo lililobeba boksi zima.

Tuanze na shati. U.S. ARMY ya njano kwenye nyeusi ilianza 1953, ikivaliwa na jina jeusi kwenye nyeupe. Vita vya Vietnam vilipokolea watu wakaona upuuzi wake: askari amejificha kwenye majani, kifuani ana cheupe na cha njano, amebakisha kupunga mkono. Mwaka 1966 ndipo rangi za kuzimwa zilipoanza kushika, herufi nyeusi kwenye kijani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 zile za kung'aa zilikuwa zimekwisha. Amri haifiki kambi zote siku moja, kwa hivyo utaona shati la 1968 bado lina jina jeupe na si ajabu. Lakini ukiliona jina jeupe kwenye shati lililotengenezwa 1975, jua kuna mtu alikuwa na sindano na haja ya pesa.

Sasa angalia mikono. Shati hilo la kijani, wenyewe wanaliita OG-107, lilianza 1952. Ya mwanzo mkono unashuka moja kwa moja, hauna kifungo kwenye kifundo cha mkono. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wakaweka kifungo. Hilo peke yake linakugawia miaka bila kusoma chochote.

Ukipata lebo, soma namba ya mkataba. Herufi DSA ni za idara ya ugavi ya jeshi la Marekani iliyoanzishwa 1961, ikabadili jina 1977 na herufi zikawa DLA. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mwaka unasomeka wazi katikati ya namba: DSA100-68-C ni mkataba wa mwaka wa fedha wa 1968, na mwaka wa fedha wao wakati huo ulianza Julai 1967. Kumbuka hiyo ni tarehe ya mkataba wa kiwanda, siyo ya siku askari alipolivaa. Nguo inaweza kulala ghalani. Pia kuna namba ya bohari, ile inayoanza na 8405 au 8415. Ikiwa na tarakimu kumi na moja ni ya kabla ya mwisho wa 1974, ikiwa na kumi na tatu ni ya baadaye.

Koti nimelipenda zaidi. Herufi kutolingana si kosa, na pengine ni dalili njema. Kule Vietnam mafundi wa mitaani walikuwa wakitarizi kwa cherehani ya kawaida, kitambaa wanakisogeza kwa mkono chini ya sindano, kwa hivyo E ya kwanza na E ya pili hazifanani hata kwa dawa. Wengine walikata ukanda wa kitambaa chochote cha kijani kilicho karibu, wengine walitarizi moja kwa moja kwenye koti. Kuhusu kukaa kwake, kwenye makoti hayo ya mifuko ya mshazari utaona vitambaa vilivyolala kufuata mfuko na utaona vilivyonyooka na ardhi. Vyote vilivaliwa, hilo lisikusumbue.

Cha kukusumbua ni huo mng'ao. Fanya hivi. Geuza koti ndani nje, utazame mshono wa kitambaa ulivyotokea upande wa pili. Halafu tafuta pembe iliyolegea, uinue kidogo kwa ncha ya sindano bila kukata uzi, uchungulie chini. Kitambaa kilichokaa hapo tangu koti likiwa jipya kimelikinga jua na sabuni, kwa hivyo chini yake kutakuwa na kijani kibichi, kimezungukwa na kijani kilichopauka. Kama chini pamepauka sawasawa na nje, kilishonwa juzijuzi. Tafuta pia matundu ya sindano yasiyo na uzi. Matundu hayo mwenye kughushi huyasahau sana.

Taa ya zambarau ile ya kukagulia noti inasaidia, lakini isikupumbaze. Nyuzi nyingi za kisasa zinawaka chini yake, za pamba za zamani hazitakiwi kuwaka. Tatizo ni kwamba sabuni za unga za siku hizi zina dawa ya kung'arisha inayowaka vilevile, kwa hivyo shati halali la 1958 lililofuliwa na mjukuu jana litawaka kama ukumbi wa harusi. Uzi mmoja uliolegea ukiuchoma utapata jibu safi zaidi: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge.

Vile vya kwenye mfuko nitavipita haraka. Bluu na nyeupe ni vya jeshi la anga, vya kabla nao hawajazima rangi. Mabaka ya kijani na kahawia ni ya magwanda yaliyotoka 1981, jeshi la nchi kavu wakayaacha kabisa 2008. Kijivu cha velkro ni cha gwanda lililoanza kugawiwa 2005 na kufutwa 2019, hivyo nimeshona mpaka nikaviota, na hakuna atakayekupa pesa kwa sasa. Ukikutana na shati la Marine Corps la enzi za Vietnam lenye jina la kushonwa, kaa chonjo. Wale walizoea kupiga chapa ya wino mfukoni, nembo ya ndege tai, dunia na nanga, chini yake USMC. Majina ya kushonwa yalikuja kuwa kanuni kwao miaka ya 1990.

---

Mtoto wa Chumbageni

Shikamoo mama, na ahsante sana. Nimekaa na taa na sindano jioni nzima.

Shati halina kifungo mkononi. Lebo imefuliwa hadi imebaki nyeupe. Pembe ya jina niliinua kidogo tu, chini ni kijani kibichi kabisa.

Koti lebo inasomeka, DSA100-68-C. Chini ya K pamepauka kama kwingine. Na kuna matundu ya zamani, mstari mzima juu na chini, yanaishia mbali zaidi ya kitambaa kilichopo. Kwa hiyo kuna jina jingine lilikuwepo, refu kuliko hili. Uzi wa K umeyeyuka kidonge.

---

Mama Cherehani

Marahaba mwanangu. Koti ni la kweli, jina ni la kupachikwa. Usiseme moja kwa moja kwamba ni utapeli. Makoti haya yaliuzwa kwenye maduka ya bidhaa za jeshi kwa miaka na miaka, wanafunzi na wapinga vita wenyewe waliyavaa, na mtu alikuwa huru kushona jina lake. Lakini kuna biashara mbaya naijua. Mtu anachukua koti halisi lisilo na jina, anakwenda kwenye ule ukuta wa Washington wenye majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa Vietnam, anachagua moja, anatengeneza kitambaa, bei inapaa. Ukiambiwa "hili ni la fulani aliyeuawa" na ushahidi ni kitambaa peke yake, funga pochi.

Urefu wa matundu usikupeleke mbali. Kuna waliokata kitambaa kwa urefu wa jina na kuna waliokifikisha upana wote wa mfuko hata kama jina ni herufi nne.

---

Sajenti Mstaafu (Minneapolis, mwenyeji wa Nakuru)

Nimetumikia jeshi la Marekani, nimestaafu, kwa hivyo nijibu lile la kumtafuta P. Halafu niseme kwa ndugu zangu wa nyumbani kwamba Kenya mambo ni hayohayo aliyosema wa Karume, raia kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa ni kosa. Hata mimi gwanda langu halali limekaa Minnesota. Nikienda Nakuru navaa shati la maua.

Kwanza, umewauliza wale watoto wa marehemu? Watu huruka hatua hiyo wakakimbilia mtandaoni. Mara nyingi P ni shemeji, au rafiki waliyelala naye hema moja, na binti wa miaka sitini anakumbuka.

Pili, hiyo P na tarakimu nne kwenye kola ni alama ya dobi. Herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba ya jeshi, ili nguo za kombania nzima zikitoka kufuliwa kila mtu apate zake. Hiyo imefungana na kitambaa cha kifuani, kwa hivyo shati lako linajithibitisha mara mbili. Ukiwahi kuipata namba nzima, herufi za mbele zina maana: RA ni aliyejiunga kwa hiari yake, US ni aliyeitwa kwa lazima, NG ni wa National Guard. Ila tarehe 1 Julai 1969 jeshi la nchi kavu na la anga waliacha namba hizo wakaanza kutumia namba ya hifadhi ya jamii ya mtu. Ukikuta tarakimu kwenye nguo ya baada ya hapo usizipige picha ukaziweka hapa, hiyo ni namba ya siri ya mtu anayeweza kuwa hai.

Tatu, kumbukumbu. Mafaili ya askari yako St. Louis, Missouri, na mafaili ya aliyeachishwa jeshi zaidi ya miaka 62 iliyopita yako wazi kwa yeyote. P wako kwa shati hilo anaweza kuwa ameingia humo. Sasa habari mbaya: tarehe 12 Julai 1973 jengo liliungua. Kwa jeshi la nchi kavu, asilimia 80 hivi ya mafaili ya walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yaliteketea. Kwa jeshi la anga ni kioja zaidi, moto ulifuata alfabeti. Yaliyoungua, asilimia 75 hivi, ni ya walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964 ambao majina yao yanakuja baada ya Hubbard, James E. Kwa hiyo kwenye vile vitambaa vyako vya bluu, mwenye jina la A hadi G wa miaka ya 1950 faili lake huenda lipo, mwenye W mwombee.

Usikate tamaa lakini. Wale watu wa St. Louis wanajua kuunganisha mtu upya kutoka kwenye karatasi nyingine, hati za malipo ya mwisho kwa mfano. Na kama P aliingia jeshini wakati wa Vita vya Pili akabaki, hifadhi ya taifa imeweka mtandaoni orodha ya walioandikishwa, majina kama milioni tisa na namba zao. Tafuta jina la ukoo, kisha chuja wanaoishia na hizo tarakimu nne. Kwa jina lisilo la kawaida wanabaki wachache sana. Jina likiwa kama Peterson, leta mkeka.

Hata vya velkro msividharau. Jina langu ni la Kikalenjin lenye kuanza na Kip na kuendelea sana, mashine ilibidi ibane herufi zikasimama zimegandana. Kila sajenti mpya alikuwa akilisoma kwa kusimama katikati kupumua. Hicho kitambaa siuzi.

---

Mtoto wa Chumbageni

Mkuu, nimempigia yule binti mkubwa wa marehemu. P anamfahamu! Walikuwa wafanyakazi wenza na baba yake kiwandani baada ya jeshi, na anasema alifariki zamani. Atamuuliza shangazi yake kama ukoo wa P bado uko Ohio. Wakilitaka shati nitawapa, nimeshamwambia. K hamjui kabisa.

Mama, nalihifadhije kwa sasa?

---

Mama Cherehani

Usilifue. Kile cheusi cha U.S. ARMY kinaweza kuchuja rangi, na jina jeupe liko shati hilohilo. Likae limelala, siyo kwenye henga, kwenye karatasi isiyo na asidi, pasipo jua na pasipo mfuko wa nailoni unaofuga ukungu. Usipige pasi juu ya herufi. Na vile vilivyofumuliwa toa kwenye huo mfuko, vya bluu visigusane na vyeupe.

Koti la K acha kama lilivyo. Andika karatasi uiweke mfukoni: lebo ya 1968, jina limeongezwa baadaye. Atakayelipata baada yako asiuziwe hadithi.

---

Belo la Karume

Mama samahani nidandie. Mwezi uliopita lilitoka jaketi zito la kijani, zipu ya alumini, begani hakuna zile kamba za kufungia cheo, kifuani jina limefumuliwa, kimebaki kivuli chake. Nilimrudishia mwenye belo, nina picha tu. Lilikuwa la maana?

---

Mama Cherehani

Si wewe uliyesema hayapandi kwenye henga, mbona umelikagua mpaka zipu?

Kama ni M-65, lililoanza 1965, basi yale ya mwanzo kabisa ndiyo yasiyo na kamba begani, na zipu ya alumini ni ya miaka hiyo ya mapema, baadaye ikaja ya shaba, kisha plastiki. Watu huku wanayatafuta kwa tochi. Weka hiyo picha, hasa ya ndani ya shingo kwenye lebo, na ya huo uliouita kivuli ipigwe kwa mwanga wa ubavuni. Matundu yakionekana vizuri tutajua jina lilikuwa refu kiasi gani.